Diski za Maji kati ya Bariadi na Maswa

Wenzangu mnaobaki kazini, siku ile ya kuniaga mlinisimamisha mbele mkanitaka niseme machache. Nilisema machache kweli, nikakaa. Sasa niko nyumbani hapa Bariadi, asubuhi inafika na sina pa kuwahi, na yale maneno yamerudi yote. Nayaandika kwa ajili yenu mliokuta kompyuta juu ya kila meza. Vyeo na mishahara sitavigusa. Mnavijua vilivyo.

Nilianza kazi enzi ambazo Simiyu ilikuwa jina la mto tu, na sisi wa Bariadi tulihesabiwa watu wa Shinyanga. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mradi wa visima. Miaka hiyo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia vijijini na malori yao, vyama vya ushirika vinayumba, na sokoni zimejaa ndoo za plastiki za kila rangi. Wafadhili wa mradi wakaona na sisi tufunguliwe. Wakatuletea kompyuta.

Ililetwa na Land Rover kutoka Maswa, kwenye karakana ya mitambo ya kuchimbia, ambako kompyuta pacha yake ilikuwa imekwisha kufungwa. Pamoja nayo akaja Shija. Alikuwa mtu wa Shishiyu, mrefu, mpole, amesomea mitambo hii Dar es Salaam, na mfuko wa shati lake ulikuwa na bisibisi mahali ambapo wengine huweka kalamu.

"Mwangaluka," akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu. Dada Minza, umewahi kutumia kompyuta?"

"Taipureta tu, kaka."

"Vizuri sana. Basi huna la kusahau."

Nilitegemea kuona picha za kupendeza. Nikaona skrini nyeusi, maandishi meupe, na kidoa kinachopepesa kama mtu anayesubiri jibu. Shija akanieleza kwamba mfumo ule ni wa jamii ya Unix, kwamba hauna maneno mengi, na kwamba wenyewe ukinyamaza ujue mambo ni mazuri. Kisha akatoa diski laini kwenye bahasha, akaisukuma kwenye tundu lake, ikalia *tak*. Nikangoja. Hakikutokea kitu.

"Imeharibika?"

"Hapana. Mashine nyingine ukiingiza diski unaifungua hapo hapo. Hii lazima uiambie." Akaandika amri ya kuipandisha, *mount*, na kutaja mahali pa kuipandishia. "Sasa diski imekuwa chumba kimoja ndani ya nyumba. Unaingia, unaweka vitu, unatoka. Ukimaliza, unaishusha kwanza, ndipo unaichomoa. Usiichomoe kabla hujaishusha hata kama mkuu wa wilaya amesimama mlangoni."

"Kwa nini? Si taa yake imezimika?"

"Taa isikudanganye. Mashine hii hukubali haraka na kufanya polepole. Ukiiambia andika, inasema ndiyo, kumbe maneno bado imeyashika kichwani, inangoja nafasi. Ukichomoa, wewe unaondoka na diski, maneno yanabaki."

"Kama watu wa ofisini," nikasema.

Hapo akacheka, na nadhani ndipo tulipoanza kuwa marafiki.

Siku hiyo hiyo nilijaribu kuishusha mwenyewe, mashine ikakataa. Iliandika kwa Kiingereza kwamba kifaa kinatumika. Nikaandika tena, ikakataa tena. Nikamwita Shija nikamwambia mashine yake imegoma. Akaja, akatazama, akasema, "Haijagoma. Wewe bado umesimama ndani ya chumba unachotaka kukiondoa. Toka kwanza." Nikaandika amri ya kurudi sebuleni, nikaishusha, ikashuka kimya kabisa. Baadaye nimefundisha wengi wenu, na kila aliyeniambia "Mama Minza, imekataa kushuka," nilimwuliza kwanza amesimama wapi yeye.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wapimaji wetu walizunguka vijijini na vyombo vya kupima ardhi kwa umeme, kujua chini kuna mwamba, udongo au maji. Vipimo vyao niliviingiza mimi Bariadi, navinakili kwenye diski, diski inakwenda Maswa kwa gari, na Shija anazitoa picha za tabaka za ardhi ambazo wachimbaji walizifuata. Simu ilikuwepo, lakini kuipata Maswa ilikuwa kazi ya siku nzima, na ukishaipata unasikia upepo. Kwa hiyo diski ndiyo ilikuwa barabara yetu.

Na barabara yenyewe ilikuwa vumbi. Nilijifunza kufunga diski kwenye mfuko wa nailoni, kisha kwenye kipande cha kanga. Nilijifunza kusogeza kile kidirisha cha pembeni ili diski isiandikike tena, kabla ya kumkabidhi mtu yeyote. Dereva wetu, Mzee Maduhu, alikuwa mtu makini aliyezipenda diski zangu kuliko mizigo yote, hata akazitafutia mahali pazuri pasipo na mtikisiko: juu ya spika ya redio yake. Diski ziliwasili Maswa zikiwa safi, hazina vumbi, na hazina kitu. Sumaku ya spika ilikuwa imefuta kila neno. Nilipomweleza, akasema, "Mayu wane, mama yangu! Kumbe taarabu inakula maji."

Sikumbuki nani alianza, ila nadhani ni Shija. Kwenye diski moja iliyorudi kutoka Maswa nilikuta faili dogo linaloitwa *salamu*. Ndani aliandika: "Maswa mvua imekataa. Ng'ombe wa mama wamehamia kwa mjomba. Diski yako ilikuwa na mafaili mawili yenye jina moja, moja kwa herufi kubwa na jingine kwa herufi ndogo. Kwa mashine hii hao ni watu wawili. Wapatanishe." Nikamjibu kwenye diski iliyofuata: "Bariadi mvua imekuja lakini imekosea mashamba. Nimewapatanisha. Mama aliletewa maziwa na mjomba?" Tangu hapo haikupita diski bila salamu. Nilizaa mtoto wangu wa pili, nikamwandikia. Alifiwa na baba yake, akaniandikia mistari miwili, nami nikakaa na ile mistari asubuhi nzima.

Watu waliuliza, na msidhani sikuwasikia. Yeye alikuwa na mke wake, mimi nilikuwa na Masanja wangu, na hapakuwa na jambo. Lakini niseme ukweli: siku ya gari la Maswa nilikuwa nafika ofisini mapema.

Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa ya Zagayu.

Huko kulikuwa kumechimbwa mara mbili bila kupata maji, kabla ya mradi wetu kuwa na vipimo. Watu walikuwa wamekata tamaa na sisi, na walikuwa na haki. Wanawake walichota maji kwenye mchanga wa mto uliokauka: unachimba shimo, unaingia, unakwangua maji kwa kata. Kadiri kiangazi kinavyoendelea, shimo linazidi kwenda chini. Mwakilishi wao kwenye kamati ya maji alikuwa mama mmoja wa makamo, Mayu Holo, aliyekuja ofisini kwetu kila alipopata usafiri. Hakugombana na mtu. Alikaa kwenye benchi na kuuliza, "Zagayu yetu imefika wapi?"

Mara ya mwisho kabla ya mambo kuharibika alikuja na neno jingine. "Shimo limemfunika mke wa mwanangu," akasema. "Tumemtoa. Yuko hai, lakini nyonga imevunjika. Sasa maji nachota mimi. Nami nikiingia shimoni nawaza, leo ni zamu yangu."

Wapimaji walikuwa Zagayu wiki ile ile. Walipima vizuri sehemu kadhaa. Wakati wa kurudi gari lilinasa kwenye kivuko, mvua ya huko juu ilikuwa imeteremsha maji ghafla, na karatasi zao zikalowa. Mpimaji mkuu, Bwana Ng'wandu, alizianika moja moja kwenye sakafu ya ofisi, akaingiza vipimo mwenyewe kwenye kompyuta huku karatasi zikimomonyoka mikononi mwake. Hakuna aliyefikiri kuzihifadhi, zilikuwa uji. Mimi siku hiyo nilikuwa nimempeleka mtoto kliniki.

Diski kuu ya mashine ilikuwa imejaa, kwa hiyo Bwana Ng'wandu hakunakili mafaili. Aliyahamisha yote kwenye diski laini. Nje gari la Maswa linapiga honi, kwa kuwa mtambo wa kuchimbia ulikuwa unaondoka karakana na mtu wa Maswa alitaka kujua uende Zagayu au upande mwingine wa wilaya. Taa ya diski ilizimika. Akachomoa, akakimbia nje.

Shija hakutumia simu. Alipoona diski haipandi, alipanda gari lile lile na kurudi nalo Bariadi. Nilimwona akishuka na kile kifurushi mkononi nikajua kuna msiba.

"Nani amegusa mashine tangu jana?" akauliza, hata salamu hakutoa.

"Hakuna. Nimefika sasa hivi."

"Mungu mkubwa. Usiandike kitu. Hata jina lako."

Bwana Ng'wandu alikuja akasimama ukutani, uso umemsawijika. Shija hakumlaumu. Alisogeza kidirisha cha diski ili isiandikike, kisha akanieleza kila hatua kama vile tuko darasani. Diski iliyojeruhiwa haitibiwi yenyewe. Kwanza unaichukua nakala yake nzima, chembe kwa chembe, pamoja na vidonda vyake, na matibabu unayafanya kwenye nakala. Tukaiambia mashine isome, na ikikuta mahali pabaya isikate tamaa, ipaache wazi na kuendelea. Nakala hiyo tuliiweka kwenye diski nyingine, si kwenye mashine. Tundu la diski likawa linanguruma, linasita, linanguruma.

Kisha akaendesha ule ukaguzi wa mafaili juu ya nakala. Mashine ikawa inauliza maswali, Shija anajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mwisho ikatuonyesha kile chumba ambacho mifumo hii huwekea vitu vilivyopotea na kuokotwa. Humo mlikuwa na mafaili. Lakini hayakuwa na majina. Kila moja lilikuwa na namba tu. Vipande vilivyokosekana tuliviokota kwenye diski kuu, maana kilichofutwa hakifi papo hapo. Kinakaa pale pale mpaka kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana alikuwa amenikataza hata jina langu.

Sasa vipimo tulikuwa navyo, ila hatukujua kipi ni cha wapi. Moja ya sehemu zile ilionyesha maji mazuri kuliko zote. Bwana Ng'wandu alikumbuka baadhi, akachanganya nyingine, akaapa, akajirudi. Walikuwa wamepima sehemu nyingi kwa siku chache, na mtu ni mtu.

Ndipo Mayu Holo akaingia. Hakuna aliyemwita, alikuwa amekuja kumtazama mkwe wake hospitali, akapita kuuliza swali lake. Shija akamvutia kiti karibu na skrini.

"Mayu, mwadila," akamsalimu. "Hawa wapimaji walipokuja kwenu, ulikuwa nao?"

"Mwadila. Nani aliwashikia kamba? Ni sisi."

Juu ya kila kipimo Bwana Ng'wandu alikuwa ameandika maneno machache ya kujikumbusha. Shija akaanza kumsomea. "Hapa ameandika, kichuguu chekundu kushoto, mbwa."

"Mbwa!" Mayu Holo akapiga kofi. "Huyo mbwa wa Limbu. Alimkimbiza huyu baba na chombo chake mpaka kwenye minyaa. Hapo ni nyuma ya zizi la Limbu."

Bwana Ng'wandu akajishika kichwa, lakini alikuwa anatabasamu. "Ni kweli," akasema. "Ni kweli kabisa. Suruali ilichanika."

Wakaendelea hivyo, mmoja anasoma, mmoja anakumbuka, mwingine anakubali. Mimi naandika majina upya. Kipimo kile chenye maji mazuri kilikuwa na maneno mawili tu: "mawe, wimbo." Shija akasoma mara mbili.

Mayu Holo aliinamia skrini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Tulikuwa tunasafisha shamba karibu na mawe ya kwa Nyanzobe. Tukawaimbia. Tuliwaimbia ili wasikate tamaa na sisi."

Mtambo ulikwenda Zagayu. Nilipewa ruhusa kwenda siku ya kupima maji, ya kwanza na ya mwisho katika kazi yangu yote, maana mpiga chapa hapelekwi kisimani. Maji yalitoka na tope, yakatoka na mchanga, yakatoka meupe, kisha yakawa maji. Mayu Holo aliyaonja, akamtemea Shija kifuani kama wazee wanavyombariki mtoto. Shati lake lililowa na bisibisi yake pamoja. Alikaa hivyo hivyo mpaka jioni, hakujifuta.

Nikikumbuka kazi, nakumbuka siku hiyo. Wakati mwingine natamani nirudi pale hata kwa nusu saa, nisimame kwenye lile tope.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Wafadhili walimaliza muda wao wakaondoka. Serikali nayo ilikuwa inapunguza watu, na lile neno "kupunguzwa" liliingia kila ofisi kama homa. Karakana ya Maswa iliuzwa kwa mtu binafsi. Mimi nilibakizwa Bariadi, Shija akapunguzwa. Nilikwenda Maswa kupokea kumbukumbu za visima vyote, na kumkuta ananakili diski baada ya diski, mnunuzi amesimama mlangoni na makufuli mapya.

"Zima tu, bwana, tufunge," mnunuzi akasema.

"Subiri, mzee," Shija akamjibu. "Bado inaandika."

Alipandisha, akanakili, akashusha, akachomoa, bila haraka, mpaka diski ya mwisho. Kumbukumbu mnazozitumia leo mkitaka kujua kina cha kisima cha zamani zilitoka mikononi mwake siku hiyo. Tulisindikizana hadi kituo cha mabasi. Aliniambia anakwenda Mwanza kuuza kompyuta za mitumba, kwamba huko ndiko dunia ilikoelekea. Niliporudi Bariadi na kuanza kusoma zile diski, nilitafuta faili la salamu kwenye kila moja. Hapakuwa na hata moja. Nilimkasirikia, kisha nikaelewa kwamba hakujua aandike nini.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa nimekwenda Mwanza kwenye semina, nikauliza duka hadi duka. Nilimkuta kwenye chumba chembamba, mashine za kunakili karatasi mbili, kompyuta kadhaa za picha na rangi, wanafunzi wamejipanga. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Tukanywa soda tumesimama.

"Biashara inakwenda?"

"Inakwenda, dada. Nashukuru Mungu, watoto wanasoma." Akatazama wateja wake. "Ila hapa mtu anakuja, analipa, anaondoka. Kule nilikuwa najua kuna mtu upande wa pili."

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi vilevile. Mteja akamwita kwamba karatasi imenasa. Akaenda kuitoa, na alipogeuka nikawa natazama saa ya basi. Hilo nalo nalitamani: ile dakika, nayo irudi.

Habari ya kifo chake niliipata kwa Mzee Maduhu, aliyekwisha kustaafu na kuzeeka, lakini alikuja mwenyewe mpaka ofisini kuniambia. Shija alikuwa ameugua muda mfupi. Walimrudisha kuzikwa Shishiyu. Nikaomba ruhusa, tukaenda wote wawili.

Tulikuta watu wengi wa huko, wa kanisa, wa ukoo, wa Mwanza. Wanaume walikuwa nje kwenye magogo, wanawake ndani na barazani juu ya mikeka. Sikumjua mtu. Nilisimama mlangoni na kanga yangu mabegani, sijui pa kuelekea. Mwanamke mmoja mrefu, sura ni ya Shija kabisa, akanyanyua uso. Baadaye nilijua ni dada yake, anaitwa Nkamba.

"Karibu, mayu," akasema. "Wewe ni nani wake?"

Swali ni la kawaida. Msibani lazima watu wajue nani anakaa wapi. Lakini nilitafuta neno nikalikosa. Ndugu si ndugu. Jirani si jirani. Rafiki, kwa mwanamke na mwanaume, kwetu ni neno lenye kelele, na mke wake alikuwa ameketi pale pale, kichwa kimefunikwa.

"Nilifanya naye kazi," nikasema. "Yeye Maswa, mimi Bariadi."

Mjane akainua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu. Alinitazama, akasogea kwenye mkeka, akapiga kwa kiganja ile nafasi aliyoiacha kando yake.

"Ni Minza," akawaambia wenzake. "Mpisheni. Marehemu alikuwa anatusomea nyumbani salamu zake za kwenye diski."

Nikavua viatu, nikakaa.